Nimeshusha tani 4, mizani ikasema difu imezidi: tuongee namna ya kupanga mzigo kwenye tela

#1 Dereva Mtulivu

Wakuu, habari za majukumu.

Juzi nimekutana na jambo ambalo nisingelisimuliwa nisingeamini. Nimepakia tani 24, nimepita mizani ya kwanza, ekseli zote ziko sawa. Kwa mteja wa kwanza wakashusha tani 4 kutoka mkiani mwa tela. Nikaondoka na tani 20, roho kwatu. Mizani ya pili ikasema difu, yaani ekseli ya kichwa (gari linalovuta tela) inayosukuma, imezidi! Nikacheka, nikajua mizani mbovu. Nikaomba kupanda tena, namba ileile. Nimekaa pembeni kwa muda wa saa tano nasubiri vijana wa kuhamisha mzigo, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikachukua kalamu.

Tela la semi limesimama sehemu mbili tu: mbele kwenye kingpini (pini inayoliunganisha na kichwa), nyuma kwenye kundi la ekseli. Kwa tela langu, kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli ni mita 8. Sakafu ina mita 13.6, na kingpini iko mita 1.6 kutoka ukuta wa mbele. Maana yake kutoka katikati ya ekseli hadi mlango wa nyuma kuna mita 4 zinazoning'inia.

Hesabu yake ni hii. Chukua uzito, zidisha kwa umbali wa kitovu cha uzito huo kutoka katikati ya ekseli, gawanya kwa 8. Jibu ndilo linalokaa kwenye kingpini, kilichobaki kinabebwa na ekseli za tela. Tani 24 zilizotandazwa sawasawa zina kitovu mita 6.8 kutoka mbele, yaani mita 2.8 mbele ya ekseli. 24 × 2.8 ÷ 8 = tani 8.4 kwenye kingpini, tani 15.6 nyuma.

Sasa zile tani 4 za mkiani zilikuwa karibu mita 2.9 *nyuma* ya ekseli. Hazikuwa zinaikandamiza kingpini, zilikuwa zinainyanyua, kama mtoto aliyekaa upande wa pili wa ubao wa kubembea. 4 × 2.9 ÷ 8, karibu tani 1.45. Mtoto akashuka, upande wangu ukaenda chini. Kingpini ikapanda hadi 9.85, ekseli za tela zikashuka hadi 10.15. Sehemu kubwa ya uzito wa kingpini inaishia kwenye difu, na difu yangu ilikuwa imebakiza nafasi ndogo tangu asubuhi.

Kwa hiyo nimepunguza mzigo nikazidisha ekseli. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: nyie mnaoshusha sehemu tatu nne kwa safari moja mnapangaje?

#2 Utingo Mstaafu

Uzi mzuri mkuu, nimekaa mbele kabisa. Hiyo ya mtoto kushuka kwenye ubao nimeielewa kuliko yote niliyowahi kuelezwa na mabosi zangu.

#3 Kona Kali

Mnajisumbua na hesabu. Mimi miaka 20 barabarani, napanga mzigo kuanzia ukuta wa mbele kurudi nyuma, napiga mikanda mitatu juu, turubai, naondoka. Sijawahi kumwaga hata gunia.

#4 Bi Hesabu

Kaka Mtulivu, mimi napanga mizigo ghalani, siendeshi, lakini hilo lako naliona kila wiki.

Tatizo linaanza na neno "sawasawa". Watu wakiambiwa wasambaze mzigo sawasawa wanaelewa kila mita ya sakafu ipate uzito uleule. Kinachotakiwa ni kila ekseli ipate haki yake, na iendelee kuipata baada ya kila kituo. Kwa hiyo usipige hesabu moja, piga ya kuondokea na ya baada ya kila kushusha. Ni dakika kumi za karatasi.

Kwa safari yako, ungeweza kuhamisha tani 2 kutoka mbele kwenda nyuma kwa mita 6. 2 × 6 ÷ 8 = 1.5, umeifuta ile 1.45 yote. Ndicho walichokufanyia vijana baada ya saa tano, au kitu kinachofanana nacho. Vizuri zaidi ungefanya tangu ghalani: mzigo mwepesi wenye kujaza nafasi uende mwanzo kabisa, karibu na ukuta, na mzito wa mteja wa mwisho ukae eneo la katikati, mbele kidogo ya ekseli. Mteja wa kwanza akishusha cha kwake, uti wa mgongo wa mzigo unabaki palepale.

Ukikosea upande wa pili pia ni balaa. Mzigo ukilundikana mkiani, kingpini inakuwa nyepesi, difu inakosa kushika. Kwenye tope tairi zinazunguka bure, na ukikanyaga breki kwenye lami iliyolowa tela linaweza kuanza kuja ubavuni kwako.

#5 Dereva Mtulivu

Dada ubarikiwe. Walihamisha paleti nne kutoka mbele hadi mkiani, namba zikakubali. Ila hapo nina swali. Kama mzigo haujai tela na mimi nataka kitovu kirudi nyuma, inabidi niache nafasi wazi mbele. Sasa nikipiga breki nani atauzuia?

#6 Mzee wa Minyororo

Hilo ndilo swali la uzi huu. Nimesoma kote nikisubiri nani aliulize.

Kijana Kona Kali, sikubishii miaka yako 20. Lakini iliyokulinda si mikanda mitatu, ni ule ukuta wa mbele. Unapakia ukiegemeza ukutani, mzigo hauna pa kwenda. Siku utakayoacha mita moja wazi, ndiyo siku mikanda yako itaulizwa kazi yake.

Mkanda unaopita juu ya mzigo hauuzuii mzigo, unaukandamiza sakafuni ili usiteleze. Kazi yote inafanywa na msuguano. Sakafu ikiwa na vumbi, mafuta au punje za nafaka, umekandamiza kitu juu ya gololi.

#7 Kona Kali

Mzee shikamoo. Lakini mkanda wangu umeandikwa unabeba tani 2.5, mitatu ni tani 7.5. Mzigo wa tani 10 unaokaa chini kwa uzito wake wenyewe hautoshi?

#8 Mzee wa Minyororo

Marahaba. Soma lebo yote, usisome namba kubwa peke yake. Kwenye lebo ya buluu ya mkanda wa polyester kuna LC na kuna STF. LC ni nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa moja kwa moja, hiyo ndiyo 2,500 yako. STF ni mkazo unaobaki kwenye mkanda ukishakaza racheti kwa mkono wako na kuachia. Mara nyingi utakuta kati ya 300 na 500. Zote zimeandikwa kwa daN, na daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Kwa mkanda wa kupita juu namba inayofanya kazi ni STF. Kwa hiyo hukukandamiza kwa tani 2.5, ulikandamiza kwa kilo mia kadhaa kila upande.

Bi Hesabu tupigie, wewe una kalamu nzuri.

#9 Bi Hesabu

Sawa mzee. Kuna kiwango cha Ulaya, EN 12195-1, kinachotaka mzigo uzuiwe kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake kwenda mbele, na 0.5 pembeni na nyuma. Kanuni za Marekani nazo zina 0.8 mbele na 0.5 pembeni na nyuma. Mbele ni kubwa kwa sababu hakuna kitu kinachoutikisa mzigo kama breki ya ghafla.

Chukua tani 10 za paleti za mbao juu ya sakafu ya plaiwudi. Msuguano wake kwenye kiwango hicho ni 0.45. Mikanda STF 400, imesimama karibu wima (sini ya pembe 0.9), na kuna nyongeza ya usalama ya 1.25 kwa upande wa mbele.

Kinachohitajika: (0.8 − 0.45) × 10,000 × 1.25 = kilo 4,375.
Mkanda mmoja unatoa: 2 × 0.45 × 0.9 × 400 = kilo 324.

Gawanya: 13.5. Mikanda 14, kaka Kona Kali. Kwa tani 10.

Kwa pembeni nyongeza ni 1.1, na hapo (0.5 − 0.45) × 10,000 × 1.1 ÷ 324 inatoka 1.7, yaani mikanda miwili. Ndiyo maana ya kwako mitatu haijawahi kukuangusha kwenye kona, na kwa mbele ukuta ulikuwa unakufanyia kazi ya mikanda kumi na kitu bila malipo wala shukrani.

#10 Utingo Mstaafu

Kumi na nne 😂 Tela lenyewe lina pete ngapi za kufungia?

#11 Bi Hesabu

Ndiyo maana watu wenye akili hawafungi mikanda 14. Weka mkeka wa mpira chini ya paleti, msuguano unapanda hadi 0.6, hesabu inashuka kwenye mikanda 6. Kipande cha mpira kimefanya kazi ya mikanda minane.

Njia nyingine ni kutokubali ile nafasi wazi. Simamisha paleti tupu kati ya ukuta na mzigo, au gongomelea mbao, nafasi ijae na mzigo uegemee kitu. Au pitisha mkanda *mbele* ya uso wa mzigo, juu ya paleti iliyosimamishwa wima, uurudishe pande zote mbili kuelekea nyuma na kuufunga kwenye pete. Huo sasa unazuia moja kwa moja, na hapo ile LC ya 2,500 inaanza kuwa na maana.

#12 Kona Kali

Nimekaa kimya nusu saa. Nimekubali kwa shingo upande. Kesho naangalia lebo zangu, nadhani nyingi zimeshafutika.

#13 Mzee wa Minyororo

Lebo ikishafutika usiuamini mkanda huo kwa mzigo wa maana. Na nikukute umepiga fundo kwenye mkanda uliokatika tutagombana, fundo linakula nguvu ya mkanda vibaya sana. Kwenye kona kali za mzigo weka kinga za pembe, la sivyo mkanda unajisaga wenyewe njia nzima. Racheti pia zisikae upande mmoja zote: moja kulia, inayofuata kushoto, kwa sababu upande wenye racheti ndio unaokazwa zaidi na upande wa pili unadanganywa.

#14 Mgeni wa Barabara

Wakuu naomba niingilie, nina jambo la haraka. Nimepewa mashine moja ya chuma, tani 16, urefu mita 3 tu, na uzito wake uko katikati. Tela ni flatibedi (sakafu wazi, halina ubavu) la vipimo kama vya mwenye uzi. Tajiri anasema niisukume hadi ukutani ili isiteleze, na kwa niliyosoma hapa juu naona kama yuko sahihi.

#15 Dereva Mtulivu

Usifanye hivyo kaka. Ukiisukuma ukutani kitovu chake kinakaa mita 1.5 kutoka mbele, na kingpini iko mita 1.6. Yaani mashine imepita hata kingpini! 16 × 8.1 ÷ 8 = 16.2. Tani 16 zote, na ziada kidogo juu yake, umezibebesha kichwa. Ekseli za tela zitakuwa zinatembea tu kusindikiza.

#16 Bi Hesabu

Iweke kitovu kiwe mita 3 mbele ya ekseli. 16 × 3 ÷ 8 = tani 6 kingpini, 10 kwenye ekseli za tela. Kwa vipimo hivyo mashine itaanzia mita 5.1 kutoka ukutani na kuishia 8.1. Angalia ruhusa ya difu yako kwanza, ukiwa na nafasi zaidi unaweza kuisogeza mbele kidogo: kila nusu mita ni tani moja.

Halafu pima kati ya kulia na kushoto kwa futi, usikadirie kwa jicho. Tairi za pande mbili zimeachana karibu mita 2. Mzigo wa tani 20 ukikaa sentimita 30 nje ya mstari, upande mmoja unabeba 13 na mwingine 7. Sentimita 30 ni rula ya mwanafunzi.

#17 Mzee wa Minyororo

Na hapo ukuta haukusaidii tena, kwa hiyo kazi ni ya minyororo. Minne isiyopungua: miwili inavuta kwenda mbele, miwili kwenda nyuma, kila mmoja umekwenda mshazari. Funga kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa kufungia. Usifunge kwenye bomba, ngazi wala kitu chochote kinachofanana na mpini. Mashine ikiwa na mkono au ndoo, ishushe na uifunge peke yake.

Chuma juu ya chuma kinateleza kama sabuni, kikiwa na grisi ndiyo usiseme. Weka mbao nene chini, zilale juu ya boriti za tela ili tani 16 zisibonyeze sehemu moja ya sakafu, na mikeka ya mpira.

Usidhani ukubwa wa kitu unakifanya kitulie. Mwaka 2013 ndege ya mizigo Boeing 747 ilianguka mara baada ya kuruka Bagram, Afghanistan. Ilibeba magari matano ya kijeshi yenye deraya, likachomoka angalau moja, likarudi nyuma na kuharibu mifumo ya kuongozea ndege. Watu wote saba waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulikuta ufungaji haukutosha kwa mzigo wa aina ile.

#18 Utingo Mstaafu

Mzee na kona je? Sisi matingo ndio tulikuwa tunaruka.

#19 Mzee wa Minyororo

Kona ni habari ya kimo. Gari dogo mara nyingi litateleza kabla ya kupinduka. Semi lililojaa mzigo mrefu kwenda juu linapinduka kabla halijateleza, na mengi yanapinduka msukumo wa pembeni ukiwa haujafika hata 0.4 ya uzito wao. Sasa chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiingia na kilomita 40 kwa saa, msukumo wa pembeni ni 0.25. Ukiingia na 50 ni 0.39. Umeongeza kilomita 10 tu, umetoka kwenye salama umefika ukingoni. Mwendo unajizidisha wenyewe, hauongezeki kwa kujumlisha.

Kwa hiyo vizito chini, vyepesi juu, hata kama mteja analalamika kwamba cha kwake kimekaliwa. Magunia unayafungamanisha kama matofali, huyapangi nguzo nguzo. Na tenki la kimiminika lililojaa nusu ni mnyama tofauti kabisa, yale maji yanafika kwenye kona baada yako. Hilo lifungulieni uzi wake.

#20 Kona Kali

Na kontena lililofungwa lakiri? Hapo siwezi kuona ndani, nitapanga nini?

#21 Bi Hesabu

Hupangi, lakini unaweza kushuku. Kanuni za upakiaji za CTU (makontena na vyombo vingine vya kusafirishia mizigo) za mwaka 2014 zinatoa kipimo cha haraka: isizidi asilimia 60 ya uzito kwenye nusu moja ya urefu wa kontena. Likishakaa juu ya tela, hakikisha loki zote nne za kwenye pembe zimefunga, kisha rudi hatua kumi nyuma ulitazame. Limeegama? Springi za upande mmoja zimelala? Tela la mifuko ya hewa lenye geji linakuambia hata zaidi, mkandamizo wa hewa unapanda na mzigo. Ukiona dalili, lisiondoke. Andika kwenye karatasi za mzigo kabla ya kusaini, maana ukishasaini mzigo umekuwa wako.

#22 Mgeni wa Barabara

Mrejesho wakuu. Tajiri alinuna, nikamchorea ule ubao wa kubembea kwenye mavumbi ya boneti akanielewa. Mashine imekaa mita 5.1 kutoka mbele, minyororo sita. Mizani imepita ekseli zote.

Nimesimama baada ya kilomita 40 kukagua kama nilivyofundishwa. Minyororo miwili ya nyuma ilikuwa imelegea, nikakaza. Nilishangaa, nilikaza kwa nguvu zangu zote mwanzoni.

#23 Mzee wa Minyororo

Hukukosea. Mbao zinabonyea, mashine inakaa chini, mnyororo unabaki mrefu. Kanuni za Marekani zinamtaka dereva akague ndani ya maili 50 za mwanzo, sawa na kilomita 80, halafu kila maili 150 au saa 3, chochote kinachotangulia. Kwa mzigo uliokalia mbao mpya mimi sisubiri hata hizo 80. Magunia nayo hivyohivyo, yanashuka, mikanda inabaki inapepea.

#24 Mgeni wa Barabara

Sawa mzee. Moja la mwisho: mikeka nimeiweka juu ya mbao, kati ya mbao na mashine. Chini ya mbao hakuna kitu, mbao imekalia sakafu ya chuma. Ni sawa?

#25 Mzee wa Minyororo

Sio sawa. Mashine haitateleza juu ya mbao, mbao ndiyo itateleza juu ya sakafu na mashine ikiwa mgongoni. Mkeka juu na mkeka chini. Uko wapi sasa hivi?

#26 Mgeni wa Barabara

Nimeegesha. Ndani ya yadi kuna foklifti kubwa, naenda kuwaomba waninyanyulie upande mmoja mmoja.

#27 Mzee wa Minyororo

Legeza minyororo ya upande huo kwanza kabla hawajanyanyua. Na mkono wako usipite chini ya mashine, mkeka usukume kwa fimbo.